Wapangaji 48 na nyumba 1,500: nani asikilizwe kwanza?

Mtaa wa zamani wa Pangani jijini Nairobi ulikuwa na nyumba 48 za kaunti za kupangisha. Kwenye ardhi ileile mradi mpya ulipangiwa nyumba zaidi ya 1,500. Anayesema wakazi wasikilizwe hadi waridhike na anayesema wasicheleweshe mambo wote wanaegemea hesabu hiyo, kila mmoja kwa upande wake. Na kwa kuwa mitaa mingine ya Nairobi kama Ziwani, Bahati, Maringo na Jericho nayo imo kwenye mpango wa kaunti wa kubomoa na kujenga upya, ubishi huu bado ni mbichi.

Nianze na wasio na subira, maana hoja yao hudharauliwa bure. Kodi katika mitaa hii ya kaunti iko chini mno ukilinganisha na ya soko, na nyumba nyingi hurithiwa, baba akamwachia mwana. Wapo pia waliopangisha watu wengine na wao wakahamia kwingine, wakawa wanakula tofauti ya kodi. Ardhi ni ya umma na iko karibu na katikati ya jiji. Kijana anayelipa kodi ya chumba kimoja katika mitaa iliyosongamana kama Kayole au Pipeline hana kiti katika baraza la Pangani, ila nyumba zile 1,500 huenda mojawapo ni yake. Ukiwapa watu 48 uwezo wa kuzuia, umewanyima maelfu ambao hawakualikwa. Sijaona jibu la kuiangusha hoja hii moja kwa moja, nami naikubali: mpangaji wa kaunti asiwe na kura ya turufu.

Lakini kukosa kura ya turufu si kukosa sauti. Katiba ya 2010, kifungu cha 10, imeuweka ushiriki wa wananchi miongoni mwa maadili ya taifa, na Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 ikaipa kila kaunti wajibu huo. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu, katika kesi ya kampuni ya tumbaku ya BAT, ilisisitiza kwamba ushirikishaji uwe wa kweli, si wa kujionyesha. Hayo yapo kwenye karatasi. Mtaani mambo huwa hivi: hema, viti vya plastiki, daftari la kusaini, mchoro wa magorofa uliokwisha kuchorwa, na mwanakandarasi aliyekwisha kupatikana. Mtu anaulizwa maoni kuhusu rangi ya mlango wakati suala la kama nyumba yake itasimama lilimalizwa ofisini. Baadaye daftari lile la mahudhurio linapelekwa mahakamani kuwa ushahidi kwamba wakazi walikubali.

Anayetoa maoni naye hana uhakika wa kujibiwa. Oktoba 2024, ilipoirejesha Sheria ya Fedha ya 2023 iliyokuwa imebatilishwa na Mahakama ya Rufaa, Mahakama ya Juu ilisema hakuna sharti la wazi la kisheria linalolazimisha Bunge kutoa sababu za kukubali au kukataa maoni ya wananchi. Kesi ile ilihusu Bunge, si mitaa ya kaunti. Hata hivyo, ofisa asiyependa maswali ataipenda hukumu hiyo.

Mukuru, eneo la mitaa ya mabanda jijini Nairobi, inaonyesha kwamba njia nyingine ipo. Agosti 2017 Kaunti ya Nairobi iliitangaza Mukuru kuwa eneo maalumu la mipango, makazi ya kaya zipatazo laki moja. Hawakuitisha baraza moja kubwa lenye vipaza sauti. Kaya kumi zilikaa pamoja, makundi ya kumi yakatoa wawakilishi, na Muungano wa Wanavijiji, shirikisho la wakazi wa mitaa ya mabanda, ukasaidia kukusanya takwimu nyumba kwa nyumba. Kwa mpangilio ule wakazi walikubali hata barabara nyembamba kuliko vipimo vya kawaida ili nyumba chache zaidi zivunjwe. Mtaalamu wa mipango miji peke yake asingethubutu kupendekeza jambo hilo. Kazi ilichukua miaka, na wasio na subira watalitaja hilo kwa haki. Tena haikutosha kuwa kinga: mwishoni mwa 2021 tingatinga ziliingia Mukuru kwa Njenga kufungua njia ya barabara, na maelfu wakalala nje.

Kwa maoni yangu tunabishana sana kuhusu mikutano na kidogo mno kuhusu orodha ya wanaostahili kurudi. Wapangaji wa Pangani waliahidiwa kipaumbele cha kurudi na wakapewa shilingi 600,000 kila mmoja za kodi ya muda, yaani ya kuishi kwingine ujenzi ukiendelea. Ni hatua nzuri, kwa sababu kuna kiasi na kuna majina. Dar es Salaam, kaya 644 za Magomeni Kota ziliondolewa na nyumba zao kuvunjwa, zikakaa miaka zikisubiri. Mwaka 2016 Rais Magufuli aliahidi kwamba watajengewa na waishi miaka mitano bila kodi, na Machi 2022 Rais Samia akazindua nyumba 644. Idadi ya kaya na idadi ya nyumba ni ileile. Ahadi ya jukwaani ilihesabika kwa sababu wenye kudai walikuwa wanajulikana.

Orodha yenyewe ina ubishi wake. Aandikwe nani: mwenye jina kwenye kadi ya upangaji ya kaunti, ambaye pengine anaishi Ruai, pembezoni mwa jiji, au mama aliyepangishwa na huyo miaka kumi iliyopita? Na fundi viatu wa kibaraza, je? Kaunti hupenda kumtambua mwenye kadi tu, kwani ni rahisi na ni halali. Mimi ningemweka yule anayelala pale. Mwenye kadi aliyekwisha kuhama amepata faida yake tayari.

Kwa hiyo mkutano wa Bahati au Jericho ungefaa kufanywa kabla ya zabuni kutangazwa, na ajenda yake ya kwanza iwe kusoma majina kwa sauti, mlango kwa mlango. Ya pili iwe bei ya kurudi, imeandikwa kwa shilingi, pamoja na nani atalipa kodi ya muda ujenzi ukichelewa. Michoro ya magorofa inaweza kusubiri mkutano wa tatu.