Medea wa kifeministi na kiapo kinachokatwa

Euripides, mtunzi wa Ugiriki ya kale, alipoipeleka Medea, tanzia ya mwanamke mgeni anayewaua wanawe baada ya mumewe Jason kumwacha aoe mwingine, kwenye mashindano ya tamthilia ya Athens mwaka 431 KK, alishika nafasi ya tatu kati ya watunzi watatu. Leo ndiyo tanzia ambayo waongozaji wa kifeministi wanaikimbilia, na haki wanayo. Medea anasema wazi kwamba ni heri asimame vitani na ngao mara tatu kuliko kuzaa mara moja. Aliyeyatamka maneno hayo siku ile alikuwa mwigizaji mwanamume aliyevaa barakoa. Miaka zaidi ya 2,300 baadaye, wanawake wa Uingereza waliodai haki ya kura waliyasoma kwenye mikutano yao.

Utata unaanzia kwa watoto. Katika toleo la mwandishi Rachel Cusk, ukumbi wa Almeida, London, 2015, Medea ni mwandishi aliyeachwa na mumewe, na hawaui wanawe kwa mkono wake. Uamuzi huo una uzito: mama muuaji ni sura ambayo kwa karne nyingi imetumika kumtia doa kila mwanamke mwenye hasira. Lakini ukimnyang'anya tendo lake, anabaki mtu wa kutendwa tu, jambo ambalo Euripides hakumfanyia.

Mwongozaji Carrie Cracknell, National Theatre, London, 2014, aliyabakiza mauaji, akaliondoa gari la mungu Jua, babu yake Medea, ambalo humchukua mwishoni. Helen McCrory, aliyeigiza Medea, aliondoka kwa miguu na maiti mbili ndani ya mifuko ya kulalia. Picha hiyo inachoma, maana uzito wa watoto unauona kwenye mwili wa mama yao. Hata hivyo, kwenye maandishi ya Euripides Medea yuko juu ya nyumba, ameinuliwa kwa mtambo uliozoeleka kubeba miungu, na Jason yuko chini, anaomba angalau aguse ngozi ya wanawe, ananyimwa. Mwanamke, tena mgeni, amekalia nafasi ya mungu. Sioni ufeministi gani unafaidika kwa kumshusha pale.

Kinachoharibika mapema zaidi ni kiapo. Jason hakumwacha mke tu. Alimpa mkono wa kuume na kula kiapo mbele ya miungu, na yaya anatukumbusha hayo katika mistari ya mwanzo kabisa. Ndiyo maana Medea anamwapisha Aegeus, mfalme wa Athens anayeahidi kumpa hifadhi, kwa Ardhi na kwa Jua, neno kwa neno, kabla ya kumwamini. Aristotle aliilaumu kuja kwa Aegeus kwamba hakuna sababu, na anayetaka kufupisha mchezo huona hapo pa kukata. Akikata, kesi ya uvunjaji wa kiapo inageuka wivu wa mke aliyeachwa, yaani hadithi ileile ambayo Jason mwenyewe anaisimulia: kwamba wanawake hawana linalowauma ila kitanda. Na Medea anapomuuliza mwishoni ni mungu gani atakayemsikiliza mvunja kiapo, hadhira haijui anazungumzia kiapo gani.