Hela ikae kijijini, na kijiji kiwe na uwezo wa kukataa

Kamwene wote. Kuna takwimu moja haijawahi kuniacha salama, ile ya utafiti wa afya wa 2022. Udumavu kwa watoto wa chini ya miaka mitano kitaifa ni asilimia 30, ila Iringa ni 56.9, Njombe 50.4, Rukwa 49.8. Yaani sisi wa Nyanda za Juu Kusini ndo tunaolisha nchi, mahindi yanatoka huku, viazi vinatoka huku, maharage, maziwa, parachichi letu linavuka bahari linaliwa Ulaya, alafu watoto wetu ndo wanaongoza kwa kudumaa. Sasa mtu akija kuniambia umaskini wa vijijini kwetu ni uvivu, huwa namwangalia tu. Aende Wanging'ombe au Makete mwezi wa sita, saa kumi na mbili asubuhi na ile baridi, aone akina mama wangapi wako njiani wanateremka bondeni kwenye vinyungu, yale mashamba ya bondeni yenye unyevu.

Shida sio kazi, kazi ipo mpaka imezidi. Mama anashinda shambani, mtoto anabaki na dada yake ambaye naye ni mtoto, anakula uji wa mahindi mtupu asubuhi na ugali mchana, maziwa yanaenda kuuzwa kwa sababu ndo hela pekee inayoonekana nyumbani kila siku. Ikifika Januari mpaka Machi chakula kimepungua, familia isiyo na akiba inaenda kibarua kwenye shamba la mwenzao, inapalilia mahindi ya mwingine wakati ya kwao yanamezwa na majani, kwa hiyo mavuno yajayo nayo yanakuwa haba, mwakani kibarua tena. Wengine wanauza mahindi yakiwa bado shambani, mabichi, kwa mtu mwenye hela mkononi na bei anayoitaka yeye. Huo ndo ufukara wenyewe, mtu anafanya kazi sana ila kila hatua kuna mtu anamkata.

Sasa njoo uone tunavyosaidiwa. Inakuja Land Cruiser, semina ya siku mbili, posho, soda, watu wanaandika mahitaji yao kwenye makaratasi makubwa ukutani, alafu baada ya miezi kinakuja kitu ambacho kilishaamuliwa kabla hata ya hiyo semina. Kuku wa chotara mfano. Kuku wamegawiwa kaya maskini, picha zimepigwa, mwezi wa pili kideri, ule ugonjwa wa kuku, kimepita kimefagia wote. Mwanamke yeyote aliyewahi kufuga kuku angewauliza swali moja tu kabla ya yote, chanjo ataleta nani baada ya nyie kuondoka, maana ile ya kideri inarudiwa kila miezi mitatu. Hakuna aliyemuuliza, na hata angesema bajeti ilikuwa imeshapita.

Ndo maana mimi maneno ya "mradi umeshirikisha wananchi" hayanisisimui tena. Naangalia vitu viwili. Nani anashika hela, na je, kijiji kinaweza kusema hapana na hapana yake ikasikika? Kama vyote hakuna, huo ni mradi wa watu wengine uliofanyikia kwetu.

Mfano wa watu wanaoshika hela yao wenyewe tunao, wala sio wa kutafuta mbali. VICOBA, vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana. Nimekaa kwenye vikao vya hivi vikundi huko Rungwe, na nikwambie ukweli, benki nyingi hazina nidhamu ile. Sanduku la bati lina kufuli tatu, funguo zinashikwa na watu watatu wa familia tofauti, na mwenye sanduku hana ufunguo hata mmoja. Hela inahesabiwa juu ya khanga mbele ya wote, mhesabu fedha anataja kwa sauti, katibu anaandika, kila mtu amekariri salio la kikao kilichopita kwa hiyo huwezi kuchomoa kitu. Ukichelewa faini, simu ikiita faini, hata uwe mke wa nani. Kuna hisa, kuna mkopo, kuna na mfuko wa jamii wa misiba na maradhi. Kitu kilichonifurahisha zaidi ni tarehe ya kugawana. Watu wa mjini tunavunja Desemba tukale sikukuu, wale walikuwa wameamua kuvunja mwanzoni mwa Novemba kwa sababu mvua ikianza hela inatakiwa iwe mbolea. Hilo hakuna mshauri aliyewafundisha, ni watu wanaojua msimu wao unaanza lini.

Ila tusiimbe sifa tu. Maskini kabisa wa kijiji hayupo kwenye kile kikao. Hana ya hisa, anaogopa faini, na wenzake hawamtaki sana kwa sababu wanaona akikopa hatarudisha, matokeo yake anaishia kwa wale wa kausha damu, wakopeshaji wa riba kubwa. Na kijijini nako kuna wakubwa, kuna mwenyekiti ana mashemeji, kuna ukoo wenye mashamba yote mazuri ya bondeni. Kumwachia kijiji kila kitu ukafumba macho unaweza ukawa umewaachia watu watano. Hapa ndo naupa mpango wa TASAF (Mfuko wa Maendeleo ya Jamii wa serikali) wa kunusuru kaya maskini alama zake, pamoja na manung'uniko yote tunayoyajua. Majina ya kaya yanaanzia kwa wanakijiji wenyewe na yanasomwa kwenye mkutano, mbele ya watu wanaojua nani analala njaa na nani ana ng'ombe kaficha kwa kaka yake. Makosa yapo, ila ukificha orodha ofisini ndo yanazidi.

Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri mimi sina imani nayo hivyo (ile nne wanawake, nne vijana, mbili wenye ulemavu). Ilisimamishwa 2023, ikarudi 2024 na utaratibu mpya, sawa. Lakini kikundi kilichozaliwa kwa sababu kuna mkopo kinakufa mkopo ukishagawanywa. Wape waliokwisha kuweka akiba pamoja kwa miaka, wanajuana.

Na watu wasiseme vijiji vyetu havijawahi kujaribu jambo kubwa. Kule Ruvuma miaka ya sitini vijana wa TANU wakiongozwa na Ntimbanjayo Millinga walianzisha Litowa, kijiji cha watu waliojitolea kulima pamoja, na kikazaa vingine mpaka ikawa jumuiya ya vijiji kama 17 hivi, Ruvuma Development Association. Walikuwa na shule yao, mashine ya kusaga, na walikuwa wanaamua mambo yao kwenye mikutano yao. Mwalimu Nyerere mwenyewe alivutiwa nao. Sasa jiulize nini kiliwaua. Sio njaa, sio ugomvi. Septemba 1969 chama kiliamua jumuiya ivunjwe, mali zake zikachukuliwa. Viongozi wa mkoa hawakupenda vijiji ambavyo haviwasubiri wao. Miaka michache baadaye nchi nzima ikaambiwa ihamie vijijini mpaka 1976, watu wakapakiwa kwenye malori, wengine nyumba zao zikichomwa. Kile kilichofanywa kwa hiari kikavunjwa, alafu jina lake, ujamaa, likatumika kulazimisha. Mimi hiyo ndo naona aibu kubwa kuliko ukame wowote tuliowahi kupata, na mashuleni sikumbuki tukifundishwa.

Kuna sehemu lakini kijiji peke yake hakiwezi, nayo lazima niiseme. Lumbesa. Sheria ya vipimo inasema gunia la viazi lisizidi kilo 100, kila mtu Nyanda za Juu anaijua, na kila mtu ameona gunia limeshonewa kilemba juu mpaka linafanana na mama mjamzito. Mkulima analipwa gunia moja, dalali anapakia moja na nusu. Vijiji vingine vimejaribu kukataa kwa umoja wao, safi kabisa, na gari likageuza likaenda kijiji cha pili ambako kuna mtu ana ada ya mtoto inadaiwa wiki hiyo. Hapo hata muwe na umoja wa namna gani mtashindwa. Serikali ina mageti ya mazao na mizani barabara kuu nzima, lori la lumbesa haliwezi kufika Dar bila kuonekana na mtu mwenye sare. Kazi ya serikali ingekuwa hiyo, kushika pale ambapo kijiji hakifiki, ila tunachokiona ni kinyume, ipo mno kwenye kutupangia tufuge kuku gani, na kwenye lile gunia haipo.

Sasa cha kufanya sisi tusiokuwa na mageti. Kisheria mkutano mkuu wa kijiji ni kila miezi mitatu, na mapato na matumizi yanatakiwa yasomwe hapo, kila mtu mzima ana haki ya kuuliza. Vijiji vingi ninavyovijua mkutano unaitwa mgeni akija. Wewe uliyeko mjini, una ndugu Mbozi, Kilolo, Ludewa, una simu, piga ulize wa mwisho ulikuwa lini na walisomewa nini. Ukiambiwa hawakumbuki, basi kabla hujachangia zahanati au unafikiria kuleta mfadhili, changia kwanza nauli ya watu watatu waende kwa mtendaji wakaombe tarehe.