Kila kitu cha keneli kizaliwe na jina lake

Usiku wa nne nilikuwa bado naitazama skrini ileile. Keneli ni kiini cha mfumo endeshi, na maikrokeneli ni keneli ndogo inayoziachia programu za nje kazi nyingi, kama za faili na diski. Maikrokeneli niliyokuwa naiandika ilikuwa imeganda, nyuzi zote 37 (mifuatano ya kazi inayoendeshwa) zimelala zikisubiri, na dibaga, chombo cha kusakia hitilafu, ilikuwa imenipa kila ilichokijua:

uzi 21 unasubiri poti 0x8023f1c0
uzi 9 unasubiri poti 0x80241a80
uzi 33 unasubiri poti 0x8023e040

Mistari ile haikuwa na uwongo. Uzi wa 21 ulikuwa unasubiri kweli, na poti, yaani mlango wa kupitishia ujumbe, ilikuwa palepale ilipotajwa. Ila nilichotaka kujua mimi ni jambo jingine: huyu ni nani, na anamngoja nani? Ili kulijibu swali hilo nilifuata anwani moja hadi nyingine kwa mkono, nikazinakili kwenye karatasi, na kila nilipouwasha mfumo upya anwani zilibadilika, karatasi ikawa haina kazi tena.

Hitilafu yenyewe, nilipoipata, ilikuwa nyepesi. Seva ya faili, programu inayohudumia faili, ilikuwa inaisubiri draiva ya diski, programu inayoiendesha diski. Draiva ilikuwa imekumbana na kosa dogo la kusoma, ikataka kuliandika kwenye logi, yaani daftari la matukio, kwa hiyo ikaisubiri seva ya logi. Seva ya logi nayo huandika kwenye faili, kwa hiyo ilikuwa inaisubiri seva ya faili. Duara limefunga. Marekebisho yalikuwa mistari michache: draiva iache ujumbe wake kwa seva ya logi kisha iendelee na kazi bila kungoja jibu. Siku zote zile zilipotea katika kutambua nani ni nani. Tangu hapo nina msimamo ambao sijauacha: kila kitu ambacho keneli inakiumba, iwe ni uzi, mchakato (programu inayoendeshwa), poti au kipande cha kumbukumbu, kizaliwe na jina, na jina hilo likae ndani ya keneli yenyewe, hata katika toleo wanalopewa watumiaji.

Aliyezoea keneli kubwa anaweza kushangaa kwa nini nalivalia njuga jambo hili. Kwenye Linux, uzi ukikwama ukisoma faili, mlolongo wa miito yake (fanksheni zilizoitana) unasomeka mahali pamoja: mwito wa kusoma, mfumo wa faili, tabaka la bloku, draiva. Majina ya fanksheni yanatosha kukueleza kilichotokea. Katika maikrokeneli mlolongo huohuo umekatwa vipande na kutawanywa katika michakato mitatu au minne, na kila kipande kinaishia kwenye neno lilelile: nimetuma ujumbe, nangoja jibu. Kinachoviunganisha vipande hivyo ni poti. Poti isipokuwa na jina, una vipande vinne vya habari na huna habari.

Tena maikrokeneli haijui hata faili ni nini. Inajua nyuzi, kumbukumbu na njia za kupitishia ujumbe, basi. Kwenye GNU Hurd, mfumo uliojengwa juu ya maikrokeneli, kwa mfano, faili iliyofunguliwa ni poti tu inayoelekea kwa seva fulani. Na chini ya Hurd kuna Mach, maikrokeneli iliyoanzia Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon mwaka 1985, ambayo ilichagua kuziita namba za poti "majina ya poti". Neno hilo limewapotosha wengi. Jina la poti la Mach ni namba tupu, tena namba ya ndani ya mchakato mmoja: 27 ya mchakato huu na 27 ya jirani yake hazina undugu wowote. Kwa usalama huo ni uamuzi mzuri, kwa sababu usichoweza kukitaja huwezi kukigusa. Lakini anayesaka hitilafu anasimama nje ya michakato yote, anaitazama kwa pamoja, na kwake namba hizo ni sawa na watu ishirini walioitikia "mimi".

Wapo walioliona hili zamani. Fiasco, keneli ya ukoo wa maikrokeneli uitwao L4, ina dibaga ya ndani, na programu za L4Re, mazingira yaliyojengwa juu yake, zinaweza kuiambia keneli jina la kitu kwa mwito wa l4_debugger_set_object_name. Zircon, keneli ya Fuchsia, mfumo endeshi wa Google, imekwenda mbali zaidi na ndiyo ninayoipenda kuliko zote kwa jambo hili. Kila kitu chake kina namba ya kipekee ya biti 64 ambayo haitumiki tena maisha yote ya mfumo ukiwa unaendesha, na aina nyingi za vitu, kama michakato, nyuzi na vipande vya kumbukumbu, zinabeba pia jina la hadi baiti 32 pamoja na ile sifuri ya mwisho inayoonyesha jina limeishia wapi. Vyote viwili vinahitajika. Namba inakuhakikishia kwamba uzi uliouona saa mbili ndio huu unaouona saa tatu. Jina linakueleza uzi huo ni wa kazi gani. Mfumo wenye namba peke yake unakulazimisha kuwa na kamusi kichwani, na mfumo wenye majina peke yake utakuchanganya siku nyuzi tano zitakapoitwa "mtumishi".

Linux nayo, pamoja na faraja yake yote, imejikuta ikirudi kwenye jambo hilihili kila ilipopata vitu visivyo na njia ya faili (anwani kama /var/log/mfumo.log). Mwaka 2014 ilipoongeza memfd_create, mwito wa kuumba faili inayokaa kwenye kumbukumbu tu, mwito huo ulikuja na jina kama hoja yake ya kwanza, yaani thamani ya kwanza unayoupa, na jina hilo ni kwa ajili ya kusaka hitilafu tu. Faili mbili zinaweza kulishiriki na hakuna kinachoharibika. Mwaka 2022, toleo la 5.17 liliruhusu hata kumbukumbu isiyo na faili ipewe jina, jambo ambalo Android ilikuwa ikilifanya kwa viraka vyake. Windows ilipata mwito wa kueleweka wa kuupa uzi jina mwaka 2016; kabla ya hapo watu walirusha eksepsheni (ishara ya kosa) maalumu, 0x406D1388, wakitumaini kuna dibaga inayosikiliza wakati huohuo. Kama haikuwepo, jina lilipotea hewani. Nyuma ya hila ile naona jinsi watu walivyokuwa na njaa ya majina.

Ninachokidai mimi ni zaidi ya kuwepo kwa mwito wa kutaja majina. Nadai jina liwe hoja ya lazima katika mwito wa kuumba. Mwito wa hiari unaokuja baadaye husahaulika, na husahaulika hasa pale msimbo ulipoandikwa kwa haraka, ambako ndiko hitilafu zinakojificha. Mwandishi akilazimika kuandika kitu, ataandika kitu. Hata "muda" au "jaribio" ni bora kuliko anwani, kwa kuwa neno hilo utalipata ukilitafuta katika msimbo.

Gharama huwa inatajwa mara moja, nami nimeihesabu. Vitu 10,000, kila kimoja na baiti 32, ni baiti 320,000, yaani kurasa 79 za kumbukumbu za baiti 4,096. Kwa mashine ndogo sana zenye kilobaiti chache, sawa, punguza hadi baiti 8. Kwa nyingine zote sioni hoja. Wanaoliona jambo hili dogo mara nyingi si wao watakaoketi mbele ya mfumo ulioganda. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Hoja ya kuweka majina katika toleo la majaribio pekee ni nzito zaidi, na naiheshimu. seL4, keneli nyingine ya ukoo wa L4, inafanya hivyo: seL4_DebugNameThread, mwito wake wa kuupa uzi jina, ipo tu keneli inapojengwa kwa ajili ya kusaka hitilafu. Keneli ile ina uthibitisho wa kihisabati wa usahihi wake, uliokamilika mwaka 2009 na kuendelezwa tangu hapo, na kila mstari unaoongezwa ni mzigo kwa wanaouthibitisha. Kwao ningefanya kama wao. Wengi wetu, hata hivyo, hatuna uthibitisho wowote wa kulinda, na mikwamo ya aina niliyoisimulia inategemea mpangilio wa wakati. Ukijenga toleo la majaribio, mpangilio unabadilika, duara halifungi, na unabaki na mfumo wenye majina mazuri usioonyesha ugonjwa. Pendekezo la kuyahifadhi majina katika seva ya pembeni nalo limewahi kunivutia. Nililiacha nilipokumbuka kwamba seva hiyo inaweza kuwa mmoja wa walionaswa ndani ya duara. Keneli ndiyo pekee iliyo macho wakati wengine wote wamelala.

Sharti moja halina mjadala kwangu: jina lisiamue chochote. Siku seva itakapouliza "je, poti hii inaitwa draiva-diski?" ili iruhusu jambo fulani, jina limegeuka kuwa kibali, na mtu atalighushi. Jina ni kwa macho ya binadamu. Kwa sababu hiyo pia keneli ikatae herufi zisizochapika, maana mchakato mkorofi unaweza kujipa jina lenye amri za kufuta skrini ya anayeuchunguza. Na kusoma majina kuhitaji ruhusa, kwa kuwa jina la faili laweza kufichua siri ya mwenyewe.

Kuhusu nani aaminiwe kutoa jina, Genode, mfumo unaojengwa kwa vipengele vinavyozaana kama wazazi na watoto, ina wazo ambalo natamani lingeigwa kila mahali. Ombi la mtoto likipita kwa mzazi wake, mzazi huongeza jina la mtoto mbele ya lebo, na likipanda tena huongezwa tena, hadi lebo inasomeka kama ukoo, "init -> mtoto -> mjukuu". Mtoto anaweza kujiita atakavyo mwishoni mwa lebo, lakini sehemu ya mbele imeandikwa na waliomzaa.

Faili zilizofunguliwa ndizo zilizonisumbua zaidi. Linux ina /proc, ambako chini ya kila mchakato utakuta orodha ya fd, yaani namba za faili zilizofunguliwa, na kila namba inakuonyesha njia ya faili, au "pipe:" na "socket:" zenye namba zake, na neno "(deleted)" kama faili imekwisha kufutwa. Keneli inaweza kujibu kwa sababu faili ni zake. Kwenye maikrokeneli, swali "mchakato huu una faili gani wazi?" halina mtu mmoja wa kulijibu.

Jaribio langu la kwanza liliweka njia ya faili katika maktaba ya C ya upande wa mteja. Ni rahisi, na haifai. Mteja anajua alichokiomba tu: aliandika "../data/orodha", na ukitazama baadaye hujui alikuwa amesimama saraka gani. Akimpa mchakato mwingine faili hiyo, jina halisafiri nayo. Na kumbukumbu ya mteja ikiharibika, majina yanaharibika pamoja nayo, wakati huohuo unaoyahitaji.

Jaribio la pili lilikuwa kumwuliza seva. QNX, mfumo endeshi wenye maikrokeneli, ina njia ya aina hii: fanksheni ya iofdinfo inampelekea seva ujumbe, naye anarudisha habari za faili pamoja na njia yake. Kwa mfumo ulio hai ni jibu bora, kwa kuwa seva ndiye anayejua ukweli wa sasa, hata kama faili imebadilishwa jina. Lakini seva aliyeganda hajibu, na mimi nilikuwa natafuta seva aliyeganda.

Nilikotua ni hapa. Seva anapofungua faili anaumba poti mpya kwa ajili ya mteja, na kwa kuwa jina ni hoja ya lazima, anaipa poti jina la faili palepale. Hakuna mwito wa ziada. Jina linakaa kwenye keneli, linasomeka hata seva akifa, na linasafiri na poti popote inapopelekwa. Njia ikiwa ndefu kuliko nafasi iliyopo, nakata mwanzo na kubakiza mwisho, kwa sababu faili mia zinaweza kuanza na saraka moja ilhali mwisho ndio unaozitofautisha. Na dibaga inaliandika kama "ilifunguliwa kama", si "inaitwa", kwa sababu faili huweza kubadilishwa jina baadaye nami sitaki keneli iahidi isichokijua.

Njia hii ina pengo. Kwenye mifumo kama seL4, seva mara nyingi anatumia poti moja kwa wateja wote na kuwatofautisha kwa alama iliyopigwa kwenye kibali cha kila mmoja, yaani haki ya kuitumia poti hiyo. Hapo hakuna kitu kimoja cha keneli kwa kila faili, kwa hiyo hakuna pa kubandika jina. Ningeifanya seva iweke jedwali la alama na majina katika kurasa maalumu za kumbukumbu ambazo dibaga inaruhusiwa kuzisoma moja kwa moja, bila kumwuliza seva lolote. Lazima uandikaji wa jedwali hilo upangwe kwa uangalifu, ili dibaga isikute jina lililoandikwa nusu. Bado nalifanyia kazi.

Mwezi uliopita nilirudisha kwa makusudi ile hitilafu ya logi, nikaacha mfumo ugande, kisha nikaifungua dibaga (fs ni seva ya faili):

fs/mtumishi-2 unasubiri draiva-diski/maombi
draiva-diski/kazi unasubiri logi/pokea
logi/mwandishi unasubiri fs:/var/log/mfumo.log

Nilimwonyesha mwenzangu ambaye hajawahi kuusoma msimbo wangu. Aliinama karibu na skrini, akafuata mistari kwa kidole, ya kwanza, ya pili, ya tatu, kisha kidole kikarudi juu kwenye fs.