Kitabu cha kiada kikirudi serikalini, mchapishaji mdogo anakula nini?

Mchapishaji mdogo wa Tanzania haishi kwa riwaya. Anaishi kwa kitabu cha shule. Faida yake ndiyo inayobeba diwani ya mashairi itakayokaa stoo miaka kadhaa kabla haijaisha. Kwa hiyo EMAC, kamati iliyokuwa ikiidhinisha vitabu vya wachapishaji binafsi, ilipovunjwa mwaka 2013 na kazi ya vitabu vya kiada ikarejeshwa Taasisi ya Elimu Tanzania (TET), hasara iliwafikia hata waandishi ambao hawajawahi kuandika sentensi moja kwa ajili ya darasa.

Wanaoutetea uamuzi huo wana hoja nzito. Chini ya EMAC, shule mbili za wilaya moja ziliweza kutumia vitabu viwili tofauti vya somo moja, huku mtihani wa taifa ukiwa mmoja. Mwaka 2013 mbunge James Mbatia alipoibana serikali bungeni kuhusu mitaala na ubora wa vitabu, makosa katika vitabu vilivyokwisha kupewa ithibati yalianikwa hadharani. Tena ilikuwa enzi ya chenji ya rada, pauni milioni 29.5 zilizolipwa na kampuni ya BAE Systems ya Uingereza kufuatia sakata la rada iliyoiuzia Tanzania, zikaelekezwa kwenye vitabu na madawati ya shule za msingi. Mzazi aliyeuliza fedha ile imenunua nini alikuwa na haki kamili.

Lakini je, makosa yaliletwa na wingi wa wachapishaji? Mwaka 2017 vitabu vipya vya TET navyo vilikutwa na makosa, na suala likafika bungeni vilevile. Kitabu hukosewa pale kazi ya uhariri inapoharakishwa, awe anayeharakisha ni kampuni au ni taasisi. Tofauti ni kwamba kitabu kikiwa kimoja tu, kosa lake linaingia kila darasa nchini, na mwalimu hana kingine cha kulinganishia.

Hata hivyo, sikubaliani na wanaosema serikali haijui kuchapisha. Tanzania Publishing House (TPH) ilianzishwa mwaka 1966, serikali ikiwa na hisa nyingi kupitia Shirika la Maendeleo la Taifa na Macmillan ya Uingereza ikishika asilimia 40. Mwaka 1972 Walter Bgoya alichukua uongozi wake, na mwaka huohuo TPH ikatoa kwa ubia na wachapishaji wa London kitabu cha Walter Rodney kuhusu jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika. Shirika la umma la Dar es Salaam lilikuwa likisomwa duniani.

Kilichoiumiza TPH, pamoja na uhaba wa karatasi na fedha za kigeni, ni kumtegemea mnunuzi mmoja. Vitabu vya shule vilisambazwa na shirika jingine la umma, Elimu Supplies, na malipo yalipochelewa, mchapishaji hakuwa na mlango mwingine wa kubisha. Hapa ndipo hofu yangu ilipo kuhusu mpango wa sasa wa kuiachia TET vitabu vya shule. Tumeshaona mlango mmoja ukifungwa.

Sera ya vitabu ya mwaka 1991 iliwafungulia soko wachapishaji binafsi. Mwaka huo Bgoya alianzisha kampuni yake ya uchapishaji, Mkuki na Nyota; Elieshi Lema na Demere Kitunga nao walikuwa wakiijenga ya kwao, E&D. Mkuki na Nyota ndiyo iliyomleta Abdulrazak Gurnah, mwandishi mzaliwa wa Zanzibar, nyumbani kwa Kiswahili mwaka 2022, Ida Hadjivayanis alipotafsiri riwaya yake kwa jina la *Peponi*. Nyumba ndogo ya uchapishaji huthubutu kufanya kazi kama hiyo ikiwa na kitu kingine kinacholipa pango.

Kiada nakiacha TET. Soko lile lilikuwa na rushwa na papara za kutosha, na kurudi huko kesho asubuhi si busara. Ila vitabu vya ziada, hadithi na maarifa anayosoma mtoto kwa hiari, havina sababu ya kuwa mikononi mwa taasisi moja. Utaratibu wa kuvinunua tunao, na ulizaliwa hapahapa mwaka 1991, Mradi wa Vitabu vya Watoto ulipoanza. Mswada wa kitabu ukikubaliwa na mradi, mchapishaji alichapa nakala 5,000, mradi ukanunua 3,000 na kuzipeleka shuleni, naye akabaki na 2,000 za kuuza madukani. Hatari waligawana, na vitabu vikamfikia mtoto wa kijijini ambaye hakuna duka la vitabu karibu naye.

Mradi ule ulitegemea wafadhili. Serikali inaweza kuweka fungu hilo kwenye bajeti yake ya elimu: nakala 3,000 za kila kitabu ambacho mswada wake umekubaliwa, bei ikikubaliwa kabla mtambo haujawashwa, na malipo yakitoka siku vitabu vinapopokelewa.