Zidaka za Kubandika

Katika nyumba nyingi mpya zinazojengwa Shela, kijiji cha kisiwa cha Lamu, na sasa hata pembezoni mwa mji wa Lamu wenyewe, ukuta wa sebule hupambwa kwa safu za zidaka, yaani vishimo vya ukutani vya kuwekea vitu, zilizomwagwa katika kalibu na kubandikwa juu ya matofali ya saruji. Mwenye nyumba huambiwa na fundi, naye huwaambia wageni wake, kwamba huo ndio usanifu wa Kiswahili. Kwa maoni yangu, huo ni usasaleo wa Marekani, mtindo uliorudisha mapambo na historia katika majengo baada ya kuta tupu za usasa, uliofika kwetu ukiwa umeachwa fikra zake njiani.

Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, msanifu Adolf Loos wa Vienna alikwisha kuyahusisha mapambo na uhalifu, na wanausasa waliomfuata wakajenga kuta tupu kwa miongo mingi. Msanifu wa Marekani Robert Venturi aliwapinga waziwazi mwaka 1966, akatetea majengo yenye utata na kumbukumbu; na kufikia mwaka 1984 msanifu mwenzake Philip Johnson alikuwa amemaliza jengo la kampuni ya AT&T mjini New York, ghorofa refu ambalo kilele chake kimechongwa mfano wa kabati la kale. Nawashukuru Venturi na Johnson kwa kuirudishia historia heshima yake. Hata hivyo, Venturi na mkewe Denise Scott Brown, pamoja na Steven Izenour, walipochunguza Las Vegas na kuchapisha matokeo mwaka 1972, walisema bila kuficha kwamba jengo la kubandikwa mapambo ni banda lililopambwa: umbo lake ni jambo moja, na pambo lake ni jambo jingine. Hawakudai kwamba pambo ndilo jengo. Dai hilo ni letu.

Tazama nyumba ya kale ya Lamu inavyofanya kazi. Unatoka njiani ukaingia dakani, yaani ukumbi wa mlangoni, penye baraza mbili zinazotazamana, ukapita tekani, kipito cha ndani ya mlango, ukageuka, ndipo ukakiona kiwanda, yaani ua wa ndani ulio wazi juu. Kutoka hapo kuna kumbi mbili ndefu, msana wa tini na msana wa yuu, kisha chumba kiitwacho ndani, na sakafu huinuka kidogo kila unapozidi kuingia. Vyumba ni virefu na vyembamba, kwa sababu upana wake haukupimwa kwa matakwa ya mchoraji bali kwa boriti ya mkandaa, aina ya mkoko, ambayo haivuki kwa usalama zaidi ya mita tatu hivi. Kuta za matumbawe zina unene wa karibu nusu mita, na chokaa yake huacha unyevu wa bahari utoke. Mwanga wa kiwandani hufika ndani ukiwa umepungua, na hapo ndipo zidaka zinapopata maana: kila kishimo kina kingo zilizochongwa, hupokea mwanga huo mdogo na kurudisha kivuli, hata ukuta wa mwisho wa nyumba ukaonekana kuwa na kina. Humo ziliwekwa sahani za kaure na vitu vingine vya thamani. Ukizibandika zidaka hizo hizo kwenye ukuta unaotazamana na dirisha kubwa la kioo, jua la saa sita huzifuta zote.

Sisemi tujenge kwa matumbawe na boriti peke yake. Mwaka 2018 serikali iliposimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma, wakataji wa mikoko wa Lamu nao walizuiwa, na saruji haikungoja. Mwaka huo huo, lakini, mafundi wa Lamu wakiongozwa na Ali Skanda walishusha majini Flipflopi, chombo cha mita 9 kilichoundwa kwa plastiki iliyotumika, kikavishwa ndara za rangi zilizookotwa ufukweni. Mkuku, yaani uti wa chini wa chombo, na mataruma, mbavu zake, yalichongwa kwa plastiki jinsi yanavyochongwa kwa mti, na mwaka 2019 chombo kilisafiri hadi Unguja. Kwangu hiyo ndiyo kazi bora ya sanaa ya kisasa iliyotoka katika funguvisiwa letu, kwa kuwa malighafi ilibadilika ilhali akili ya uundaji ilibaki. Katika nyumba ninazozilalamikia mambo yamepinduliwa: sura imebaki, akili imeondoka.

Kwa hiyo nyumba ya zege isiyo na kidaka hata kimoja, lakini yenye daka la kumpokea mpita njia, kiwanda cha kuvuta hewa na mlango usiofichua ya ndani, naihesabu kuwa ya Kiswahili kuliko jumba la mapambo lililozungushiwa ukuta mrefu usio na baraza. Wanaoidhinisha ramani hupenda kutazama picha ya uso wa jengo, urefu wake na rangi ya lipu. Waitake pia michoro inayoonyesha njia ya kutoka mlangoni hadi chumba cha mwisho, upepo unaingilia wapi na kutokea wapi, na jirani aliye upande wa pili wa kichochoro ataona nini dirisha litakapofunguliwa.