Boksi Lililotakiwa Kulowekwa Kwenye Chai

Mwaka jana mteja mmoja aliingia kwenye steshenari yangu hapa Iringa mjini na picha kwenye simu: lebo ya boksi la bastola ya Kimarekani ya miaka ya 1920. Alitaka niichore upya, niichapishe, kisha nitengeneze na boksi lenyewe. Bastola hakuwa nayo, nikashukuru, maana silaha ina sheria yake na mimi nina watoto wa kusomesha. Iko kwa shemeji yake Marekani, alisema, ambako watu hukusanya silaha kuukuu kama wengine wanavyokusanya stempu.

Nilishangaa boksi tupu kuhangaikiwa hivyo, mpaka nilipokumbuka simu za mtumba. Simu yenye boksi lake haikai dukani. Unapiga *#06#, unalinganisha IMEI na ile ya kwenye boksi, moyo unatulia. Kumbe na kwa bastola ni vivyo hivyo. Smith & Wesson nyingi za zamani ziliandikiwa namba kwa mkono, kwa penseli ya nta, chini ya boksi. Boksi likikutana na chuma chake bei inapaa, kwa sababu mengi yalitupwa siku ile ile ya kununua. Nani angetunza karatasi?

Wapo wanaotengeneza maboksi mapya na kusema wazi kwamba ni mapya. Sina ugomvi nao. Mtu anataka kabati lake lipendeze, apendezeshe. Ugomvi wangu ulianza mteja aliporudi. Sasa alitaka na namba ya bastola, iliyoandikwa kwa mkono wa kizamani. Halafu: "Kaka, hili linang'aa mno. Liloweke kwenye chai kidogo." Chai ya Mufindi, majani yetu haya haya, ikamzeeshee Mmarekani boksi!

Lebo ya urembo haina haja na namba. Ukishaiandika, umeajiri shahidi wa uongo. Na shahidi huyu ana nafasi nzuri ya kusadikiwa: kiwanda kama Colt hutoa, kwa malipo, barua inayoeleza bastola yenye namba fulani ilisafirishwa lini na kwa nani, lakini barua inazungumzia bastola tu, si boksi. Boksi linabaki kujisemea lenyewe.

Chai nayo si dawa ya kila kitu. Karatasi nyingi za siku hizi zina kemikali za kung'arisha, ambazo zilienea baada ya Vita Kuu ya Pili. Zimulike gizani kwa ile taa ya kukagulia noti, zinawaka bluu. Boksi la 1920 likiwaka hivyo limeshajitaja. Ila anayenunua kwa kuangalia picha mtandaoni, taa hiyo ataimulika wapi?

Sisi wa Iringa tungepaswa kuwa wagumu zaidi kwenye mambo haya. Lugalo, Agosti 1891, Wahehe waliteka bunduki zipatazo 300 za Wajerumani. Mojawapo ikizuka leo mnadani na kikaratasi kilichoandikwa "Lugalo", bei yote itakuwa kwenye kikaratasi. Na pale Kalenga kuna fuvu la Mkwawa, ambalo Mkataba wa Versailles wa 1919 uliagiza lirudishwe. Likarudi 1954, baada ya Gavana Edward Twining kulichagua katika makumbusho ya Bremen, miongoni mwa mafuvu mengi, kwa kufuata vipimo vya jamaa wa Mkwawa. Wapo wanaotilia shaka kama ni lenyewe. Marehemu babu hakutaka hata kuisikia shaka hiyo, na simlaumu. Lakini angalau tunajua lilichaguliwaje, kwa hiyo anayetaka kubisha ana pa kushika. Boksi langu lililolowekwa chai lingemnyima mtu hata pa kubishia.

Nikamwambia mteja nitachapisha kwa sharti moja: neno NAKALA na mwaka, ndani ya kifuniko, kwa wino ule ule wa lebo, si stika ya kubandua. Akacheka. "Sasa boksi linalojisema hivyo nani atalinunua?" Akalipia uchoraji, akataka faili kwenye flashi. Nilimpa lenye neno hilo katikati ya lebo, herufi kubwa, nyekundu. Hajarudi mpaka leo, na flashi yake nyingine aliyoisahau bado iko kwenye droo yangu.