Waliokataa kurudi mashambani 2008 hawakuwa wavivu

Bado kuna watu hapa Kenya wanaosema wakimbizi wa ndani wa 2007/2008, wale waliofukuzwa makwao na vurugu za baada ya uchaguzi, walizoea vya bure, eti ndiyo maana wengine walikataa kurudi kwao. Hiyo maneno huwa inaniuma.

Serikali nayo tuipe haki yake. Operesheni Rudi Nyumbani, ule mpango wa serikali wa kurudisha watu makwao kwa malori, ilianza Mei 2008 na ni kweli ilikuwa ya haraka, lakini showground za Nakuru na Eldoret zilikuwa zimejaa hema, mvua inanyesha, watoto wako kwa matope, na msimu wa kupanda mahindi unapita. Pia kuna watu walijiandikisha na hawakuwa wamefukuzwa popote, hilo siwezi kulikana.

Sasa tupige hesabu. Familia ilipangiwa shilingi 10,000 za kuanza maisha na 25,000 za kujenga nyumba iliyochomwa. Elfu kumi utoe sufuria, blanketi, jembe, mbegu, na mbolea ambayo mwaka huo bei ilipanda vibaya, na ng'ombe walishaenda, duka nalo ni majivu. Elfu ishirini na tano ni mabati, mbao na misumari, halafu fundi umlipe na nini? Na wengi hata hizo 25,000 hawakuziona.

Halafu pesa siyo hata shida kubwa. Kuna watu wa Molo na Burnt Forest walifukuzwa 1992, wengine tena 1997, kila mara wakaambiwa rudini kumetulia, kisha ikaja 2007. Mtu kama huyo unamwambia nini? Aliyemchomea anamwona sokoni kila wiki, hajashtakiwa, na hakuna mtu amewakalisha chini wakaongea. Ndiyo maana wengi walirudi nusu, mchana wanalima shamba lao, jioni wanarudi kulala kwa hema karibu na polisi, na kwa karatasi za serikali hao wakahesabiwa wamerudi nyumbani!

Wengine walichanga zile elfu kumi kumi wakanunua shamba pamoja huko Maai Mahiu na Nyandarua, kila mtu akapata kaploti kadogo. Mvivu hafanyi hivyo.

Na hao ni wa kambi tu. Hesabu ya serikali ilikuwa watu 663,921, na kati yao 313,921 hawakukaa kambini, walijibana kwa shangazi, kwa ndugu, kwa chumba cha kukodi. Karibu nusu! Hawa hawakuwa na hema la kupigwa picha kwa hivyo msaada uliwapita, wengi hawakupata hata ile elfu kumi.

Sheria ya wakimbizi wa ndani ya 2012 inasema mtu achague mwenyewe: kurudi, kubaki alipo, au kupelekwa kwingine. Ilikuja miaka minne baada ya malori kuondoka. Kwa hivyo ikitokea tena, Mungu apishe mbali, mtu aulizwe kabla ya kupandishwa lori, na waliochoma wawe wameshafikishwa kortini.